Gari Halikai Eda

Chumba ni kile kile. Dirisha la nondo limetiwa kioo, na ukuta uliokuwa wa chokaa umepakwa rangi ya krimu, lakini ukikaa kwenye mkeka ukaegemea ukuta wa upande wa uani, mgongo unaijua baridi yake. Jumamosi iliyopita nilikaa hapo katikati ya wanawake zaidi ya arobaini, nimejitanda leso, nikiitikia amina pale wenzangu walipoitikia. Bi Mwanaidi alikuwa amekufa usiku wa kuamkia siku hiyo, na mimi nilikuwa nimevuka feri mapema kuja Likoni nisije nikachelewa. Wanaume walikuwa wameshatoka na jeneza, sisi tumebaki na masinia ya mahamri na birika za chai. Bibi mmoja aliyekaa karibu yangu, mgeni kwangu, akaniuliza kwa upole, "Na wewe mwanangu, marehemu ni nani yako?" Si ndugu yake, si jirani yake, na hata dini hatukuwa moja, maana mimi ni Kadzo wa Kisauni, Mgiriama wa kwenda kanisani. Mwisho nikasema, "Nilikuwa dereva wake." Bibi akanitazama vizuri. "Kumbe alikuwa na gari?" Jamani! Kumbe alikuwa na gari. Nikaona watu wameshasahau kabisa, na nikaamua palepale kwamba nitauandika mwaka ule wa gari kabla na mimi sijaanza kuusahau, au vibaya zaidi, kuupamba.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi katika gereji ya Fundi Swaleh kule Changamwe, mahali ambapo malori ya bandarini hupita tangu alfajiri mpaka masikio yanachoka. Nilikuwa nimeshalala chini ya magari ya watu miaka mitatu. Wateja waliniita yule msichana wa spana, na wengine wakiniona naikaribia injini yao humvuta Fundi kando wakamuuliza kama ana hakika. Fundi alikuwa akiwajibu, "Ikimshinda yeye, na mimi itanishinda. Kaa unywe soda." Lakini roho ya Fundi haikuwa Changamwe. Ilikuwa Likoni, upande wa kwenda Mtongwe, uani kwa mkewe, chini ya banda la makuti. Hapo alikuwa ameweka gari la michezo la Kiingereza, la viti viwili, boneti ndefu, paa la turubai, rangi ya bluu iliyokolea, lililotoka kiwandani kabla mimi sijazaliwa. Alilinunua likiwa mifupa kwa mzungu mmoja aliyekuwa akihama, akalihangaikia miaka sita mpaka likasimama. Mkewe, Bi Mwanaidi, aliliita mke mwenza. Akimwona mumewe anachukua tochi kwenda bandani alikuwa akimuuliza mbele ya wageni, "Zamu ya nani leo, yangu au yake?" Na Fundi, mtu mzima na ndevu zake, anaona haya.

Kwa gari hilo alikuwa akishindana kwenye mbio za autokrosi. Asiyezijua asidhani ni mbio za kufukuzana. Panatafutwa uwanja wa vumbi, yanapangwa madramu na matairi makuukuu mpaka njia inapindapinda, kisha kila gari linaingia peke yake kushindana na saa. Unapewa mizunguko miwili na ule mzuri ndio unaohesabiwa, na ukigusa dramu unaongezewa sekunde tano. Sisi tulikuwa tukishindana kwenye timbo la mawe lililoachwa, huko ndani Kisauni, pale ambapo zamani walikuwa wakikata matofali ya mawe ya kujengea. Walikuja wenye maduka, daktari mmoja wa meno, mafundi kama sisi, na vijana wa Nyali wenye magari ya baba zao. Zawadi ilikuwa kikombe cha bati. Na bado watu wazima walikosa usingizi kwa kikombe hicho. Mimi nilikwenda kila raundi, yaani kila siku ya mbio, kufunga na kufungua matairi, na kila mara nilirudi nyumbani na wivu, kwa sababu nililijua gari lile bolti kwa bolti na sikuwa nimewahi kulipeleka zaidi ya kulitoa bandani na kulirudisha. Katikati ya mwaka, tukila wali wa nazi na samaki wa kupaka kwenye chumba hiki hiki, nilimwambia Fundi waziwazi. Akatafuna, akameza, akasema, "Raundi ya mwisho ya mwaka huu utaendesha wewe." Bi Mwanaidi akamwongezea mchuzi. "Nimesikia," akasema. "Shahidi ni mimi."

Hata wiki tatu hazikupita. Fundi alianguka gerejini kikombe cha chai kikiwa mkononi, na kabla hatujamfikisha hospitali alikuwa ameshakwenda. Nilimlilia kuliko nilivyotegemea, na sitaona haya kusema kwamba ndani ya kilio kile palikuwa na kilio kingine kidogo, cha gari. Nilijichukia kwa ajili hiyo. Bi Mwanaidi akaingia eda, yaani miezi minne na siku kumi ambazo mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani mwake, hajipambi, hajitii manukato, hatoki nje ila kwa dharura. Mimi nilivumilia wiki mbili, ya tatu nikavuka feri. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka chini ya dirisha, amevaa gauni lililopauka, anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Nilikuwa nimekula. Nikaletewa mbaazi na mahamri, nikala tena. Nilikuwa nimeipanga hotuba yangu tangu Changamwe, lakini kila nikifungua kinywa naona ule ungo, naona vidole vyake visivyo na hina, naona aibu. Nikiwa bado nazunguka mbuyu, hodi ikapigwa. Alikuwa Mzee Athmani, kaka mkubwa wa marehemu. Akakaa sebuleni, upande wa pili wa pazia, na kwa kuwa pazia si ukuta, nilisikia yote.

"Shemeji, kuna bwana mmoja wa Nyali ana hoteli. Analitaka lile gari aliweke mlangoni, wageni wapige picha. Analitaka safi, lisilo na hata mkwaruzo. Paa lako linavuja, mimi naliona, na pesa za gari zitaezeka nyumba nzima. Nimempa neno langu. Eda ikiisha, aje alichukue."

"Nimesikia, shemeji," akasema Bi Mwanaidi. Basi.

Niseme hapa kwamba Mzee Athmani hakuwa mtu mbaya. Nyumba ilikuwa ya Bi Mwanaidi mwenyewe, ya kurithi kwa mamake, lakini paa lilivuja kweli, na watoto hawakujaliwa, kwa hiyo mzigo wa shemeji yake aliuona ni wake. Alikuwa mtu wa neno moja, na watu wa namna hiyo ndio wagumu zaidi kushindana nao. Alipoondoka, Bi Mwanaidi akarudi kwenye mchele wake. "Umesikia?" akaniuliza. Nikasema nimesikia. "Kasema eda ikiisha. Sasa eda haijaisha. Ufunguo uko ndani ya lile kopo la majani ya chai, pale kabatini." Nikamwambia, na watu je? Watasema maiti hajamaliza hata arobaini, gari lake linazurura mjini. Akainua uso, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikamwona yule Bi Mwanaidi niliyemzoea. "Anayekaa eda ni mimi, Kadzo. Gari halikai eda."

Kesho yake gerejini nilisimama mbele ya kalenda, ile kubwa yenye picha ya matairi, nikahesabu tangu siku aliyokufa Fundi. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, halafu siku kumi. Nikaangukia Jumatano. Raundi ya mwisho ilikuwa Jumapili, siku tatu kabla yake. Nikachora duara kwa kalamu nyekundu, nikarudi nyuma kulitazama. Siku tatu za akiba! Nitaendesha mbio zangu, nitalirudisha bandani, nitalipangusa, na Jumatano bwana wa Nyali aje achukue chombo chake. Sikumuuliza mtu yeyote. Mimi na hesabu tulikuwa tukipatana tangu shule.

Palikuwa na raundi mbili nyingine kabla ya ile ya mwisho, na ya kwanza nilikwenda ili nijifunze. Nilijifunza kweli. Tulipangwa foleni juani karibu saa nzima, nikazima injini kuokoa mafuta, na ilipofika zamu yangu gari halikuwaka. Nikapiga starta mpaka betri ikazimia. Nikasikia jamaa mmoja nyuma yangu anapaza sauti, "Mjane yuko eda na gari nalo limeingia eda!" Timbo zima likacheka. Nikashuka, nikatia bega kwenye mlango, nikalisukuma peke yangu kulitoa mstarini, na sikumruhusu mtu anisaidie, maana nilijua nikisaidiwa nitalia. Siku ile niliwasha hasira ambayo ilinifikisha Desemba. Gari likaja likawaka lenyewe baada ya nusu saa, bila sababu, kama mtoto aliyechoka kununa. Kwenye feri ikabidi nizime tena, na ng'ambo likakataa tena, wakalisukuma abiria, akina mama wenye vikapu na wote.

Bi Mwanaidi alikuwa amenisubiri dirishani. Hakunipa pole. Akauliza gari lilikataa likiwa la moto au la baridi. La moto. Starta ilikuwa ikizunguka vizuri? Vizuri mpaka mwisho. Akatikisa kichwa. "Hiyo si starta, hiyo ni petroli inachemka ndani ya bomba kabla haijafika kwenye kabureta. Swaleh alikuwa akihangaika kila mwaka kwa jambo hilo, mpaka nilipomwambia afunge kitambaa cha maji kwenye pampu. Mwanamke yeyote anayepoza maji kwenye mtungi anajua." Mimi fundi wa miaka mitatu, na cheti changu cha chuo cha ufundi, nikaenda kutafuta kitambaa. Hakuwa amewahi kushika usukani maisha yake. Lakini miaka kumi na mitano alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha kushoto, na miaka sita kabla ya hapo alikuwa amemsikiliza mumewe akilifufua lile gari hatua kumi kutoka kitandani kwake. Alilijua kwa masikio.

Basi tukafanya kazi hivyo. Nyuma ya nyumba palikuwa na kiwanja cha wazi ambacho watoto walicheza mpira jioni. Asubuhi kilikuwa changu. Kila Jumamosi nilivuka feri, nikapanga ndoo na madebe mabovu badala ya madramu, nikazunguka, na Bi Mwanaidi akakaa ndani kwenye mkeka wake, haoni kitu ila ukuta na kipande cha anga, anasikiliza. Nikimaliza naingia jikoni kunawa, napewa viazi vya karai au uji wa mtama wa moto, na hukumu inaanza. "Gia ya pili umeitia mapema, injini ililia njaa." "Ile kona ya upande wa msikiti umetoa mguu mara mbili. Uliogopa nini?" Mara ya kwanza nilibisha. Nikarudi kiwanjani nikaangalia alama za matairi, na kweli, mara mbili. Wakati mwingine aliniita katikati ya mzunguko, "Kadzo!" nami nazima injini naitikia "Abee!" nakimbia mpaka dirishani, kumbe anataka tu nimwambie vumbi linakwenda upande gani. "Niambie," anasema, ameshika nondo. "Niambie lilivyo." Leo najua ni nini alichokuwa akiniomba. Wakati ule nilidhani ni mafunzo, nikamjibu kwa mkato, kaskazini, Bi Mwanaidi, kuna upepo. Ningempa zaidi lau ningekuwa na akili.

Majirani hawakukosa la kusema. Nikipita kununua nazi nilisikia nyuma yangu kwamba Mgiriama kamroga mjane, kwamba marehemu hapumziki na ile ngurumo. Nilimpelekea Bi Mwanaidi maneno hayo kwa uchungu, akaniambia watu wakikosa la kusema wataumwa na meno. Raundi ya pili gari liliwaka, na kitambaa changu kilichorowa kiko kwenye pampu. Nikawa wa nane kati ya kumi na mmoja. Yule jamaa wa mdomo alikuwa wa tisa. Lakini habari zikamfikia Mzee Athmani, naye akanifuata mpaka gerejini Changamwe, akasimama katikati ya mafuta na kanzu yake nyeupe. "Mwanangu, sikukatazi," akaniambia. "Marehemu alikuahidi, nimeambiwa. Lakini na mimi nimeahidi. Mwenyewe analitaka safi." Nikamtazama usoni nikamwambia, "Halitapata mkwaruzo, Mzee. Wallahi." Mimi, wa kwenda kanisani. Akaridhika, akaondoka akikwepa madimbwi.

Jumamosi, siku moja kabla ya raundi ya mwisho, nilifika Likoni saa moja asubuhi. Nyumba ilinukia udi. Bi Mwanaidi alikuwa amevaa dera jipya la manjano na nywele kazichana, nami, mjinga mimi, nikamwambia tu kwamba leo amependeza, nikapitiliza bandani kubadilisha plagi. Mikono yangu ilikuwa bado ndani ya boneti niliposikia lori linarudi nyuma kuingia uani. Lilikuwa lori la kubebea magari. Mbele alikuwa amekaa Mzee Athmani na bwana mmoja mwembamba wa viatu visafi, na sikuhitaji kuambiwa anatoka Nyali. Nikasimama mbele ya gari nimeshika spana. "Mzee, vipi? Eda bado siku nne!"

"Nani kakwambia?"

"Kalenda."

"Kalenda ya nani?"

"Ya gereji," nikasema. "Ile ya matairi."

Afadhali angecheka. Alinihurumia, na hilo ndilo lililoniuma. "Mwanangu, eda haihesabiwi kwa kalenda ya matairi. Inahesabiwa kwa mwezi muandamo, na miezi yetu ni mifupi. Imeisha jana magharibi." Nikakumbuka udi, nikakumbuka dera la manjano. Miezi minne naingia na kutoka nyumba ile, nala chakula chake, na sikuuliza hata siku moja. Na Bi Mwanaidi naye, nilikuja kujua baadaye, hakuwaza kwamba kuna mtu Mombasa nzima asiyejua eda inahesabiwaje. Mbio zilikuwa kesho, na lori lilikuwa limeshateremsha mbao.

Ndipo mlango wa uani ukafunguka. Bi Mwanaidi alisimama kizingitini, akajitanda leso yake vizuri, halafu akatoa mguu nje. Hakuwa ameukanyaga mchanga ule tangu Fundi atolewe. Akaja mpaka kati yangu na lori, akawaamkia, akasema, "Shemeji, wewe umempa bwana huyu neno lako. Mimi sitalivunja neno lako, Mungu apishe mbali. Lakini marehemu naye alimpa msichana huyu neno lake, na shahidi nilikuwa mimi, na la marehemu lilitangulia. Litimizwe kwanza. Kesho mchana bwana huyu aje timboni alichukue gari lake mwenyewe." Mzee Athmani akavuta ndevu. Akamgeukia mwenzake. Yule bwana akalizunguka gari, akapitisha kidole kwenye boneti, akasema, "Likiwa safi hivi hivi." "Safi," akasema Mzee Athmani. Wote wakanitazama mimi. "Safi," nikasema.

Jumapili Bi Mwanaidi akaja nami, kwenye kiti chake cha kushoto, buibui lake amelikalia kingo zote mbili lisipeperuke. Tulifungua turubai. Tulipopanda kutoka kwenye feri akatazama maduka na msongamano wa watu wa kisiwani, akasema, "Kumbe mji haukunisubiri." Machozi yalimtoka mpaka daraja la Nyali, nami nikaendesha polepole. Timboni akaniagiza maji, akakiloweka kitambaa, akakifunga kwenye pampu kwa mikono yake mwenyewe. Watu waliokuja kumpa pole walimkuta ameinama ndani ya injini.

Mzunguko wa kwanza niliuendesha kwa uangalifu mkubwa. Kila dramu nilipita mbali nalo, kila kona nilivunja mwendo mapema. Bwana wa Nyali alipiga makofi. Mzee Athmani alikuja mpaka mlangoni, ameridhika kabisa: "Vizuri sana mwanangu. Mwendo pole haujikwai." Saa ilinipa dakika moja na sekunde hamsini na nne. Katika timbo lile lile Fundi alikuwa amewahi kufanya moja na arobaini na tatu. Bi Mwanaidi alingoja shemeji yake aende zake, akainama karibu na sikio langu. "Nimekaa miezi minne dirishani nasikiliza. Leo nimekuja kwa macho yangu kuona nilichokuwa nasikia. Nimeona nini? Nimeona mtu anampeleka bibi harusi kwa mumewe Nyali."

"Nimeapa halitapata mkwaruzo, Bi Mwanaidi."

"Umeapa wewe. Ulichoahidiwa na Swaleh ni kuendesha. Hujaendesha bado."

Nilifunga helmeti. Sikuwa na woga tena, ilikuwa hasira, ile ile ya kusukuma gari peke yangu mbele ya watu wanaocheka, na juu yake hasira ya miaka mitatu ya kuulizwa kama nina hakika. Bendera ikashuka. Gia ya pili sikuitia mpaka injini iliponiomba. Kona ya kwanza niliingia kwa upande, mkia ukakaa pale nilipotaka ukae, na nikajisikia napiga kelele ndani ya helmeti, maneno ya Kigiriama ambayo siwezi kuyaandika. Sikutoa mguu mara mbili popote. Ukuta wa mawe ulipita karibu na kiwiko changu, vumbi jeupe likajaa mdomoni, na nilijua bila saa kwamba naenda vizuri kuliko nilivyowahi kwenda, kwamba hiki ndicho nilichokuwa nikikililia. Kona ya mwisho ilikuwa na dramu ndani yake, jekundu. Nikaja na gari kwa kasi. Bawa la mbele la kushoto, lile bati la juu ya gurudumu, likalipiga dramu, mlio mmoja mkubwa, likaruka, na mimi nikavuka mstari taa ya mbele ikining'inia kwa waya zake.

Moja na arobaini na moja. Karani wa saa aliisoma mara mbili. Kisha akaongeza zile sekunde tano za dramu, ikawa arobaini na sita, nikawa wa nne. Kikombe kikaenda kwa daktari wa meno. Nilishuka. Bwana wa Nyali alikuwa ameshafika kwenye gari, amechutama mbele ya bawa lililokunjamana, hataki hata kuligusa. Nikamsikia akisema, "Mzee, tulikubaliana safi." "Tulikubaliana," akasema Mzee Athmani. "Basi mimi hili silitaki." Akapangusa viatu vyake kwa leso ya mfukoni, akaenda zake, na lori lake likamfuata tupu. Nikamwendea Mzee Athmani, nimevua helmeti, nikamwambia anisamehe, nilimpa neno na nimelivunja. Alikuwa akimtazama shemeji yake, ambaye alikuwa amesimama upande wa pili wa gari, kiganja kimekaa juu ya lile bati lililopasuka.

"Shemeji," akasema Bi Mwanaidi. "Lile neno lako limeisha?"

"Limeisha."

"Basi robo yangu ya mirathi naitaka hapa."

"Hapa wapi?" Mzee Athmani alionyesha kwa bakora. "Kwenye chuma hiki kilichovunjika?"

"Hiki hiki. Gereji na vilivyomo chukueni nyinyi ndugu. Mimi nipeni hiki."

"Na paa lako?"

"Nitatia beseni."

Nilimwona Mzee Athmani akitafuta la kumkataza, na nilimwona akilikosa, kwa sababu robo ilikuwa haki yake na yeye alikuwa mtu wa haki. Mwisho akasema, "Haya. Mashahidi ni wengi," akaenda kuokota kipande cha kioo cha taa kilichoangukia njiani, akamletea.

Tulirudi na upepo wa alasiri. Waliponiuliza timboni kuhusu lile dramu nilisema vumbi lilinifunga macho, na watu wote nimewaambia hivyo hivyo tangu siku ile. Kwenye feri nilipozima injini, Bi Mwanaidi hakugeuka, alikuwa akitazama maji. "Kadzo. Lile dramu hukuliona?"

"Nililiona."

"Na breki?"

"Ilikuwa chini ya mguu wangu."

"Hukuikanyaga kwa sababu ya saa, au kwa sababu ya yule bwana?"

Nilitafuta jibu kwa uaminifu, kwa sababu alistahili, na sikulipata. Mpaka leo sijalipata. Nikamwambia sijui, Bi Mwanaidi, mguu ulikataa tu. Akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na akina mama wenye vikapu wakageuka kumtazama mjane mwenye vumbi usoni anayecheka ndani ya gari lililovunjika. Kisha akajipangusa macho kwa ncha ya buibui.

"Jumamosi uje mapema," akasema. "Utakaa huku niliko mimi. Mimi nitakaa hapo ulipo."

Jumamosi nilivuka na feri ya kwanza, nikaingia uani kabla jua halijapanda juu ya ukuta. Nilimkuta ameshakaa, mlango ameufunga, mikono yote miwili iko kwenye usukani.